Silabi iliyopotea katika ripoti ya mhandisi

Kaka yangu ni mhandisi katika mgodi mmoja wa shaba hapa Katanga, na mwaka huu anaandika tasnifu ya uzamili. Mada aliitoa kazini kwake: kwa nini malori ya kubeba mawe hukaa siku nyingi garajini. Aliwahoji madereva na mafundi kwa Kiswahili, akaandika kwa Kifaransa, kisha akaniomba tusikilize upya sauti alizorekodi.

Dereva mmoja anasema wazi: "Siye na ba garaji tunacheleweshana tu." Katika ripoti maneno hayo yamegeuka kuwa: garaji inachelewesha malori. Pendekezo likajileta lenyewe: waajiriwe mafundi zaidi.

Mwanafunzi yeyote wa kitivo chetu anaona kilichotokea. Kauli ya kutendesha imebaki, ya kutendana imeanguka. Na dereva alisema kweli. Kwa kuwa garaji ni ya polepole, wakubwa wa zamu hulizuia lori lisiende matengenezo siku yake. Likifika huko limeshaharibika vibaya. Kazi ya saa chache inakuwa ya siku kadhaa, foleni inarefuka, na wakubwa wa zamu wanazidi kuogopa kulitoa lori linalofuata. Ongeza mafundi watano, mduara ni uleule.

Kuuona mduara huo, badala ya kumtafuta mkosaji mmoja, ndiko kufikiri kimifumo. Peter Checkland alifanya kazi miaka mingi katika kampuni ya kemikali ya ICI kabla ya kwenda kufundisha Chuo Kikuu cha Lancaster, Uingereza, mwishoni mwa miaka ya 1960. Mbinu yake, aliyoieleza katika kitabu cha 1981, aliijenga pamoja na wanafunzi wa uzamili waliokwenda kushughulikia matatizo halisi ndani ya makampuni. Waligundua kwamba kazini watu hawakubaliani hata juu ya tatizo lenyewe ni lipi. Basi mhandisi aanze kwa kuwasikiliza, achore picha ya hali nzima, ugomvi ukiwemo, ndipo apendekeze.

Siamini kwamba hayo yanafundishika ubaoni peke yake. Katika mfano wa kitabuni, mtu mwingine ameshaamua nini kinahusika na nini hakihusiki.

Nitaambiwa kwamba makampuni hayafungui milango. Ni kweli, na hilo si gumu kuliko yote. Mwanafunzi anayelipwa na kampuni anaogopa kuandika kwamba mkubwa wake ni sehemu ya mduara. Kaka yangu anaogopa. Sentensi ya wakubwa wa zamu ameshaifuta mara mbili. Chuo kikimtaka alete tatizo halisi, basi kimruhusu pia kuficha jina la kampuni na kutetea tasnifu mlango ukiwa umefungwa.

Lakini neno langu hasa ni kwa kitivo chetu. Tangu enzi za Union Minière Kiswahili ni lugha ya kazi migodini, na Kifaransa ni lugha ya ripoti. Kila tatizo la kazini linavuka mpaka huo kabla ya kumfikia profesa, wala hakuna anayekagua mzigo. Napendekeza tasnifu kama hizi ziambatishwe maneno ya wafanyakazi kama walivyoyasema, na mwalimu mmoja wa Lugha akae kati ya watahini. Na sisi tusijisifu: kauli ya kutendana tunaisoma kwa "pigana" na "pendana", tunafaulu mtihani, tunaisahau. Ni nani kati yetu aliyewahi kuipeleka garajini?

Kaka atatetea mwezi ujao. Sura ya tatu ameifungua upya. Jana nilipoichungulia, sentensi ya wakubwa wa zamu ilikuwa imerudi pembeni mwa ukurasa, kwa penseli.