Kijana Mgeni Katika Baraza la Bao



Mwezi huu twapenda kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo huenda baadhi yenu wakalidharau, wakasema kwamba halistahiki wino. Nalo ni swali la kijana mgeni katika baraza la bao. Twaomba mtuvumilie kidogo, kwani jambo hili dogo lina mkia mrefu, na mkia huo umekwisha kuingia katika nyumba zetu.

Kwanza tuuondoe ugomvi usiokuwapo. Bao tulisemalo hapa ni lile la kuburudisha akili baada ya kazi. Likiwekewa fedha limekwisha kuwa kamari, na likimpitisha mtu wakati wa Swala limekwisha kuwa msiba juu yake. Katika mawili hayo hatuna la kujadiliana na mtu.

Katika vijiji vya Kisarawe, kwa upande wa Masaki na Maneromango, mtoto aliyezaliwa huko hakai akafundishwa bao; hukua nalo. Kwanza huchimba vishimo mchangani pamoja na wenziwe, wakacheza kwa komwe au kwa kokwa zozote wazipatazo. Kisha huenda akakaa nyuma ya babu yake chini ya mwembe, akawa ndiye atumwaye maji, na ndiye aokotaye kete ikianguka. Miaka hupita hivyo. Siku moja mzee mmoja hakuja na pamekosekana mtu wa kukaa, basi huambiwa, "Haya mjukuu wangu, kaa tukuone." Maswali yake yote alikwisha kuyauliza nyumbani, usiku, yeye na babu yake peke yao. Hakuna aliyemcheka, kwa sababu hakuna aliyesikia.

Kibaha mambo ni mengine. Mji huu ulioko katika barabara ya Morogoro, kiasi cha kilomita 40 kutoka Dar es Salaam, ni mji wa wageni. Mwaka 1963 ulianzishwa hapo mradi wa Tanganyika na nchi za Kaskazini ya Ulaya, ambao leo ni Shirika la Elimu Kibaha, na tangu hapo watu wamekuwa wakija kutoka kila pembe ya nchi kusoma, kutibiwa na kujifunza ukulima. Katika miaka ya karibuni wamezidi kuja wale wanaohama Dar es Salaam kutafuta kiwanja cha kujenga. Baba atoka Kigoma, mama atoka Singida, mtoto amezaliwa Temeke. Mtoto huyu akipita Maili Moja jioni akaona wazee wameinamia ubao, moyo wake huvutika kama uvutikavyo moyo wa mtoto wa Kisarawe. Lakini yeye hana babu barazani. Swali lake la kwanza hana budi kulisema mbele ya watu kumi asiowajua.

Na bao si jepesi kwa mgeni. Mashimo ni 32, safu nne za mashimo manane manane, na kete ni 64. Katika bao la Kiswahili kila mchezaji huanza na kete 10 tu ubaoni, yaani 6 katika nyumba na mbili mbili katika mashimo mawili yaliyo upande wa kuume wake; 22 hubaki mkononi, naye hunamua moja baada ya moja. Zikiisha za mkononi ndipo uingiapo mtaji, na mchezo hubadilika. Atazamaye kwa mara ya kwanza huona mikono yaenda mbio, asijue kwa nini huyu alianzia kichwa hiki na yule kichwa kile, wala kwa nini nyumba mara hii ilisimamisha mkono na mara ile ikasafiri. Wachezaji wenyewe hawaelezi, kwani wamo katika hesabu. Basi kijana hana njia ila kuuliza.

Akiuliza, "Babu, mbona ile hukuila?" huenda akajibiwa, "Kwani wewe kwenu hujala?" Na baraza zima likaangua kicheko.

Hapo ndipo tulipotaka kufika. Watu wa Mrima ni watu wa utani, na baraza la bao bila ya utani ni kama mchuzi bila ya chumvi. Mzee aliyemtania kijana pengine ndiyo kwanza amkaribisha, maana asiyetaniwa barazani ni yule ambaye hapana amjuaye. Kijana aliyetoka mbali hayajui hayo. Yeye huona ametukanwa mbele za watu. Twawaambia vijana wetu: msiwe wepesi wa kuchomwa. Cheka nao, kisha ngoja. Mara nyingi mzee yule yule, bao likiisha, atakuonyesha kidole na kusema, "Tazama, ningeila ile, yeye angeniingilia huku."

Lakini kiko kicheko cha pili, nacho hatukitetei. Ni cha yule ambaye, watu wakiisha kucheka, hamjibu mtoto neno, wala siku ya pili hamjibu, wala ya tatu. Na mtoto akirudi huitwa jina lililotokana na swali lake. Tumeyaona haya si mara moja. Wako na mafundi wenye kuficha. Fundi ana haki ya kuificha hila yake, kwani hila ndiyo silaha aendayo nayo mbele ya fundi mwenziwe. Ila kanuni za mchezo si siri ya mtu. Kumficha mtoto namna ya kutakata, au maana ya kimbi, ni uchoyo tu, na tena uchoyo wa kitu kisichopungua kwa kutolewa.

Wazee wetu wote wanaijua habari ya Abdallah bin Ummi Maktum, yule kipofu aliyemwendea Bwana Mtume (s.a.w.) akitaka kufundishwa, ilhali Mtume yu katika mazungumzo na wakubwa wa Kikureshi akitumaini wasilimu. Kipofu hakuyaona mashughuliko hayo. Akauliza, akarudia kuuliza. Mtume akakunja uso, ikateremka Sura ya 80 kwa sababu ya muulizaji huyo. Shughuli ya siku ile ilikuwa kubwa kuliko mabao yote ya Pwani, na muulizaji alikuja katika wakati usiofaa kabisa. Hata hivyo haki yake haikupotea. Baada ya hapo Mtume alikuwa akimtukuza, na akawa mmoja wa waadhini wake.

Na vijana nao wasome habari ya Nabii Musa katika Sura ya 18. Alimfuata mja mwema ili ajifunze kwake, akapewa sharti moja: asiulize mpaka aelezwe. Ikatobolewa jahazi, akauliza. Akauawa kijana, akauliza. Ukajengwa ukuta bila ya ujira, akasema tena. Mwalimu akatengana naye. Basi uchungu wa kuona jambo usilolifahamu ukanyamaza ni mkubwa, hata kwa Mtume wa Mwenyezi Mungu. Lakini wazee nao wasiache kuutazama mwisho wake: yule mwalimu, ijapokuwa sharti lilivunjwa mara tatu, hakumwacha mwanafunzi wake aende zake hivi hivi. Alimweleza kwanza ya jahazi, ya kijana na ya ukuta, moja moja, ndipo wakaagana.

Kwa nini tumelishikilia jambo hili? Kwa sababu kijana aliyefukuzwa na kicheko harudi nyumbani kukaa. Katika miji yetu kuna vibanda vya kubashiri mipira, na kuna zile mashine za kuchezea kamari kwa sarafu, ambazo vijana huziita dubwi. Huko mgeni hachekwi. Akiuliza namna ya kucheza hujibiwa kwa upole mwingi na haraka, kwani kila swali lake lina faida kwa mwenye kibanda. Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 yamkataza mtu aliye chini ya miaka 18. Lakini sheria haikai mlangoni. Twaona haya kusema kwamba mwenye kamari amemkaribisha mtoto wetu vizuri kuliko tulivyomkaribisha sisi wenye ndevu nyeupe.

Sasa, kijana aendeje barazani? Atoe salamu kwa wote, awaamkie wakubwa, akae nyuma, wala asimkingie mtu mwanga. Siku mbili tatu atazame tu. Asiulize wakati mkono wa mtu umo mashimoni, kwani mwenye kusambaza kete akikatizwa hesabu hupotea, na hapo hata mtu mpole hukasirika. Angoje bao liishe na kete zipangwe upya. Tena swali lake liwe la kitu kimoja alichokiona kwa macho. Akisema, "Nifundisheni bao," hakuna ajuaye pa kuanzia. Akisema, "Mzee, kete zile ulipozila, mbona ulianzia kichwa cha kushoto?" hapo jawabu liko karibu. Zaidi ya yote asimwonyeshe mchezaji pa kula, mgeni anayesema "kula pale!" hana wa kumtetea, nasi hatumtetei.

Na wazee wasidhani kwamba twawaomba kitu kipya. Wahenga walikwisha kumfikiria mgeni huyu, wakamwekea bao lake, nalo mpaka leo laitwa bao la kujifunza. Ubao ni ule ule na kete ni zile zile, ila kila shimo hutiwa kete mbili tangu mwanzo, ikawa hakuna cha mkononi wala kunamua. Mchezo waanza katika mtaji moja kwa moja. Mtoto akilicheza siku chache huujua ulaji, akayajua mashimo ya mwisho, na kubwa zaidi akaujua ukelele wa baraza.

Twapendekeza basi, kwa wakuu wa mabaraza ya Kibaha khasa, kwamba baada ya Swala ya Alasiri, kabla mafundi hawajakaa, bao moja liwe la namna hiyo. Na wewe baba uliyehamia juzi, usimpeleke mwanao kwa kumwambia "nenda kacheze." Nenda naye siku ya kwanza. Mshike mkono mpaka kwa mzee mwenye ubao, umwambie, "Mzee wangu, sisi ni wageni hapa, mtoto huyu hana babu, nimekuletea." Kisha kaa kidogo, unywe kahawa yao, uondoke umwache.