Mdogo Kuliko Senge ni Nani?

Sina ubaya na wanaotoka Nairobi Jumamosi asubuhi, wasee wanne wakachanga mafuta ya gari, wakaenda shambani kunywa bia iliyopikwa pale pale. Nimeenda na nitaenda tena. Bia ilikuwa tamu, hewa safi, na kulikuwa na ndege fulani juu ya mkuyu aliyelia kama mtu anayedai deni. Jina la shamba silitaji kwa sababu ugomvi wangu si na wenyewe. Ugomvi wangu ni na ile hadithi tunayouziwa pamoja na glasi.

Hadithi inasema bia ya krafti, yaani inayopikwa kidogo kidogo kwa mapipa madogo na mtu unayeweza kumsalimia, imefika Kenya juzi. Ati hatimaye tumejifunza kuthamini kinywaji cha mkono, cha nafaka halisi, kilicho karibu na udongo. Hatimaye! Hilo neno ndilo lililonifanya nikae chini niandike.

Kijana aliyetutembeza kwenye mapipa alijua kazi yake. Alieleza vizuri jinsi shayiri inavyolowekwa ikachipua, ikakaushwa ikawa kimea. Jinsi kimea kinavyosagwa na kutiwa maji moto ili wanga ugeuke sukari. Hopsi zinaongezwa wakati wa kuchemsha kuleta uchungu, halafu hamira inaachiwa kazi. Nikamuuliza, kimea ni cha hapa? Hapana, Ujerumani. Hopsi? Marekani. Hamira? Pakiti, kutoka Ulaya. Kuhusu hopsi simlaumu, maana mmea ule unataka siku ndefu za kiangazi ndipo utoe maua vizuri, na sisi hapa ikweta mchana ni saa 12 mwaka mzima. Lakini shayiri? Si Narok wanalima? Si Timau wanalima? Kwa hesabu yangu, vitu vya shamba lile vilivyoingia kwenye glasi yangu ya shilingi 500 vilikuwa maji ya kisima na maganda ya machungwa.

Sasa njoo kwa busaa. Senge wangu, dadake baba, aliipika karibu na Webuye kwa zaidi ya miaka 20. Unga wa mahindi unakandwa na maji, unafunikwa siku kadhaa mpaka uchachuke. Unga huo kisha unakaangwa juu ya bati kwa moto wa kuni, ukigeuzwa kwa koleo hadi uwe wa kahawia na harufu imfikie jirani wa tatu. Kando, wimbi linalowekwa, linachipuzwa, linaanikwa juani na kusagwa. Hicho ndicho kimea, neno lile lile alilotumia kijana wa mapipa. Vyote vinakutana na maji ndani ya chungu kwa siku mbili tatu, halafu vinachujwa. Mahindi yalitoka nyuma ya nyumba na wimbi kwa jirani. Machicha yalikwenda kwa kuku na nguruwe, na hakuna aliyewahi kumsifu kwa kutunza mazingira. Kule shambani tulipoambiwa kwamba machicha hulishwa ng'ombe, tulishangilia na kwenda kumpiga ng'ombe picha.

Kazi ni ile ile. Kijana wa mapipa ana leseni iliyowekewa fremu ukutani. Senge alilala seli mara tatu. Makarao walimwaga chungu, wakabeba mikebe, na bado ilibidi mtu atafute kitu kidogo kabla ya jua kuchwa. Pesa ya busaa ilikuwa karo ya binamu zangu wawili, kwa hiyo kila msako ulikuwa na mtoto anayerudishwa nyumbani wiki iliyofuata.

Usiniambie hiyo ni ajali ya utekelezaji. Katika nchi hii, sheria ya pombe daima imeanza kwa kuuliza anayekunywa ni nani. Kenya Breweries ilianzishwa 1922 na walowezi, na kwa miaka mingi Mwafrika alikatazwa bia ya chupa. Wakati huo huo, miaka ya 1920, manispaa ya Nairobi iliwapiga marufuku wanawake wa Pumwani waliopika pombe, halafu ikafungua ukumbi wake yenyewe wa kuuza pombe ya kienyeji na kuweka faida mfukoni. Soma tena: pombe ilikuwa ile ile, kilichobadilika ni mfuko. Baada ya Uhuru tukaendelea. Sheria ya kupiga marufuku chang'aa ni ya 1980, na vilabu vya busaa navyo vilifungwa mwanzoni mwa utawala wa Moi. Mwaka 2004 ikaja Senator Keg, na serikali ikalegeza ushuru ili mlalahoi aache pombe haramu. Kampuni kubwa ilisaidiwa kumuuzia maskini. Maskini kumuuzia mwenzake, hapana.

Najua utanikumbusha 2010, ile Sheria ya Kudhibiti Vileo ambayo wote tunaiita sheria ya Mututho. Kweli, ilifuta marufuku ya chang'aa. Lakini kinywaji kikatakiwa kiwe na leseni, kifikie viwango, kiwe ndani ya chupa yenye lebo ya onyo. Mwambie hayo mama mwenye vyungu vitatu na kinywaji ambacho kisiponyweka kesho kutwa kimeharibika. Busaa haikai ndani ya chupa. Inaendelea kuchachuka na chupa itakupasukia usoni.

Halafu Desemba 2024 sheria ya kodi ikatengewa kifungu kipya: watengenezaji wadogo huru wa bia walipe ushuru nafuu kuliko viwanda vikubwa. Nilifurahi, kusema kweli. Hata hawa wa mapipa wamebanwa vya kutosha. Ila nikajiuliza, mdogo kuliko senge ni nani?

Kuna hoja moja siwezi kuiruka, kwa sababu ina makaburi. Watu wamekufa. Mwezi Mei 2014 walikufa makumi Embu, Kitui na kwingineko. Februari 2024 Kirinyaga ikazika tena. Na wanawake wanaoandamana kule Kati wakitaka mabaa yafungwe hawaigizi; wana waume na watoto wa kiume waliokwisha. Siwezi kukaa mjini na glasi yangu nikawaambia wanyamaze.

Lakini tuseme ukweli kuhusu kinachoua. Methanoli ya kupofua na kuua haitoki kwenye chungu cha mahindi na wimbi. Ni kemikali ya viwandani, inanunuliwa kwa madumu na kuchanganywa na mtu anayetaka faida ya haraka. Busaa ina nguvu ya bia ya kawaida, pengine chini yake. Na ukiwinda zote mbili kwa fimbo moja, inayokufa kwanza ni busaa. Yenyewe inataka vyungu, moto, bati, siku kadhaa za kungoja, na harufu inayoita polisi kutoka barabarani. Kile kikali kinajificha ndani ya mtungi wa lita tano chini ya kitanda. Mama pima anayetaka kuponea msako ataacha kinywaji laini ahamie kikali, na mteja atamfuata huko. Miaka 40 ya misako imetufundisha kunywa vikali zaidi, halafu tunashangaa.

Kinachowezekana si ndoto. Kwenye yale mapipa nilionyeshwa kipimo cha kioo kinachoelea, cha kukisia kiasi cha kileo. Kinatoshea mfukoni. Kikundi cha wapikaji kumi kinaweza kuwa nacho, kikaguliwe na afisa wa afya wa kaunti kama anavyokagua hoteli, kiuze kwa chungu, hapo hapo, saa zilizowekwa, kwa watu wazima. Katiba ya 2010 iliwapa kaunti kazi ya kutoa leseni za vileo, kwa hivyo si lazima tungoje Bunge. Leseni ya chungu, ada inayolingana na chungu, basi. Na anayekamatwa na methanoli ashtakiwe kwa sumu, si kwa kukosa kibali.

Nasi tunaopenda vya shambani tuna kazi moja. Mswada wa vileo wa kaunti unapotangazwa kwa maoni ya umma, wanaofika ukumbini ni wenye mabaa, wachungaji na maafisa wa utawala. Mama pima hawezi kusimama mbele ya chifu akajitambulisha kwa kazi yake. Sisi tunaweza. Vikao hivyo huwa katikati ya wiki, asubuhi, na barua za maoni hupokelewa pia.