Uwanja Wetu, Jina la Nani?

Tangu Septemba 2023, Kenya, Uganda na Tanzania zilipopewa kwa pamoja heshima ya kuandaa Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027, habari ya viwanja imekuwa midomoni mwa watu wote. Wapi patajengwa, nani atajenga, nyasi zitatoka wapi, mkopo utalipwa lini. Haya ni maswali mema na yatupasa tuendelee kuyauliza. Lakini liko swali moja ambalo hatulisikii mikutanoni, nalo hujibiwa na watu wachache ndani ya chumba kilichofungwa mlango: uwanja utaitwaje, na nani atalipwa kwa jina hilo?

Twasema kulipwa kwa sababu siku hizi jina la uwanja huuzwa. Kampuni hutoa fedha kwa mwenye uwanja, na kwa miaka mitatu, au kumi, au hata ishirini, ukuta na tiketi na redio na televisheni vyote hulitaja jina la kampuni hiyo. Huko Marekani jambo hili limekuwa kawaida kama kuuza nazi sokoni. Mjini Los Angeles, mwaka 2021, ukumbi mkubwa wa mpira wa kikapu ulivuliwa jina la duka la karatasi na kalamu ukavikwa jina la kampuni ya fedha za mtandaoni, na bei iliyotajwa ilikuwa dola milioni 700 kwa miaka 20. Hapo alitoka mfanyabiashara akaingia mfanyabiashara, nasi hatuna machozi ya kumwaga juu yao.

Yanayotuhusu ni ya jirani zetu wa Nairobi. Mwezi wa Februari 2009 kampuni ya Coca-Cola ilipewa haki ya jina la Uwanja wa Taifa wa Nyayo kwa miaka mitatu, kwa fedha zilizotajwa kuwa shilingi za Kenya milioni 117. Uwanja ulikuwa uitwe Coca-Cola National Stadium. Neno Nyayo lilikuwa lifutwe. Zogo likazuka, nayo serikali ikasema: vema, wekeni jina lenu, lakini Nyayo libaki palepale kati ya maneno yenu. Je, kampuni ilijibu nini? Ilijitoa katika mkataba, na hapo ilikuwa haijapita hata miezi minne.

Twaomba msomaji asiliruke jambo hili upesi. Kama shida ya kampuni ilikuwa kuonekana tu, ingeonekana vizuri kabisa ikikaa mbele ya neno Nyayo. Herufi zake zingekuwa kubwa vilevile, taa zingewaka vilevile, na watu elfu thelathini wangeingia mlangoni wakilitazama. Kumbe kilichokuwa kikinunuliwa kwa fedha zile kilikuwa ni kufuta. Ilitakiwa Mkenya asiweze kumwambia mwenzake mahali pa kukutana Jumamosi bila kwanza kutaja soda.

Nasi tuliozoea ubao na chaki tumepiga hesabu. Shilingi milioni 117 kwa miaka mitatu ni milioni 39 kwa mwaka. Uwanja wakati huo ulikuwa na viti kama 30,000. Basi kila kiti kiliuzwa kwa shilingi 1,300 kwa mwaka mzima, yaani haikufika shilingi nne kwa siku. Kwa bei hiyo mwenye kiti, ambaye ni mwananchi mlipa kodi, alikuwa anyang'anywe jina la mahali pake, na hakuna aliyemwuliza kama bei yamridhisha.

Baadaye kampuni ya simu ya Safaricom ilichukua haki ya jina la uwanja wa Kasarani, na safari hii neno Kasarani liliachwa likae pamoja na jina la kampuni. Mkataba ukaisha, bango likashuka. Watu walikuwa wakisema Kasarani kabla, wakasema Kasarani wakati wa bango, na mpaka leo wasema Kasarani. Kwa hiyo yule atakayetuambia kwamba kampuni haiwezi kukaa pamoja na jina la wenyeji atakuwa anatudanganya mchana.

Sasa twajua tutajibiwa nini, na jibu lenyewe si la kipuuzi. Wataulizwa watu wa chama: nyinyi mnaolia juu ya Nyayo, mmesahau Nyayo ni neno la nani? Hatujasahau. Ulikuwa wito wa Rais Moi, aliposema kwamba afuata nyayo za Mzee Kenyatta, na ukabandikwa kila mahali kama stempu. Wako Wakenya ambao neno hilo huwakumbusha vyumba vya chini vya jengo la Nyayo House, walikoteswa wapinzani wa serikali katika miaka ya 1980. Mtu kama huyo akisema jina lile liondoke, tutamsikiliza kwa heshima, kwa kuwa asema habari ya nchi yake. Anaweza kusimama mkutanoni akalishtaki jina, mwingine akalitetea, na watoto wanaosikiliza wakajifunza jambo. Lakini nani atasimama mkutanoni akabishana na tangazo la soda? Halina la kusema. Limelipiwa tu, na fedha zikikatika laondoka, halikuacha hata kisa cha kusimulia.

Hapa kwetu Tanzania mambo yamekuwa vingine, na yatupasa tuyatambue kabla hayajapotea. Mtoto wa Songea aendaye kutazama mpira hupita chini ya jina la Majimaji. Akiuliza, ataambiwa habari za vita vya 1905 mpaka 1907, na habari za wakuu wa Wangoni walionyongwa na Wajerumani mjini humo mwaka 1906. Mtoto wa Mbeya ataambiwa habari za Edward Sokoine, Waziri Mkuu aliyekufa kwa ajali ya gari tarehe 12 Aprili 1984. Wa Arusha ataambiwa habari za Sheikh Amri Abeid, mshairi aliyeandika sheria za kutunga mashairi, akawa meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam, kisha waziri. Nani katika sisi tuliosomea ualimu ambaye angekataa somo la bure kama hili, lililoandikwa kwa herufi kubwa ukutani, mahali ambapo watoto huenda kwa hiari yao na hawahitaji kupigiwa kengele?

Na Dar es Salaam pana uwanja wa zamani ambako bendera ya Tanganyika huru ilipandishwa usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961. Kwa karatasi waitwa Uhuru. Watu wa mji wauita Shamba la Bibi, na hakuna wizara iliyowapa ruhusa. Jirani yake ni uwanja mkubwa wa watu 60,000 uliofunguliwa mwaka 2007. Huo ulipewa jina la Mzee Benjamin Mkapa mwezi wa Julai 2020, siku chache baada ya kifo chake, kwa tamko la Rais Magufuli. Hapakupigwa kura. Lakini Mzee Mkapa ndiye aliyekuwa Rais wakati ujenzi ulipoanza, na washabiki walilipokea jina lile wakaligeuza kuwa silaha: "Kwa Mkapa hatoki mtu!" Timu ngeni zimeisikia sauti hiyo na baadhi zimetetemeka. Hebu msomaji ajaribu kuipiga kelele hiyo kwa jina la benki, aone kama hata jirani yake wa jukwaani atamwitikia.

Lakini haki ni msumeno, na tusijifanye hatuna makosa sisi wanasiasa. Jina la chama nalo liko katika kuta za viwanja. CCM Kirumba pale Mwanza ni mfano ujulikanao na wote. Viwanja vingi vya mikoani vilijengwa kwa michango na jasho la watu wa kila namna. Mwananchi akiuliza ni nani aliyempa mwanasiasa, wa chama chochote, ruhusa ya kuandika jina lake juu ya matofali ya watu wote, basi ajibiwe kwa adabu. Hatuwezi kuifungia kampuni mlango wa mbele na sisi wenyewe tukapita wa nyuma.

Kuna na hoja ya fedha. Uwanja hula. Nyasi zataka maji, taa zataka umeme na fundi, vyoo vyataka mtu wa kuviosha kila siku na siyo siku ya fainali tu. Tarehe 30 Aprili 2023, Yanga ilipokuwa ikicheza na Rivers United ya Nigeria katika Kombe la Shirikisho, taa za uwanja wa Mkapa zilizimika mchezo ukiendelea. Aibu ile iliingia katika kila nyumba yenye televisheni Afrika nzima. Mtu akituambia kwamba fedha za kampuni zingeweza kununua jenereta nzuri, hatuna la kumbishia. Nasi hatuzikatai fedha hizo. Ligi Kuu yetu imebeba jina la kampuni ya simu, na tangu 2021 yabeba jina la benki, nasi hatukulia. Ligi huja na kwenda kila msimu. Acha kampuni zikodi mabango, zikodi jukwaa moja, zikodi geti, hata ukumbi wa kuzungumzia na waandishi wa habari. Zilipe vizuri. Na fedha ziingie katika mfuko wa uwanja uleule, hesabu zibandikwe pale tiketi zinapokatwa, ili mtu anayekanyaga maji machafu chooni ajue ya kuuliza.

Kuhusu jina la uwanja wa umma, twasema la. Na wala tusidanganyike kwamba kampuni ni mwamba wa kuegemea. Mjini Houston, uwanja wa besiboli uliofunguliwa mwaka 2000 uliitwa Enron Field, kwa mkataba wa miaka 30 na zaidi ya dola milioni 100. Desemba 2001 Enron ilifilisika katika moja ya kashfa kubwa za hesabu zilizopata kutokea. Mwaka 2002 timu ililazimika kulipa dola milioni 2.1 ili kulirudisha jina na kulishusha ukutani. Yaani mwenye nyumba alimlipa mpangaji muflisi ili ahame! Na Miami, ambako ukumbi ni mali ya serikali ya wilaya kama vile vyetu vilivyo vya serikali, jina liliuzwa mwaka 2021 kwa kampuni ya fedha za kidijitali iitwayo FTX, kwa miaka 19 na dola milioni 135. Novemba 2022 kampuni ikaanguka na akiba za watu zikanasa humo. Fikiri juu ya mtu aliyepoteza fedha zake, akipita kila asubuhi mbele ya jumba la umma lenye jina la aliyempotezea. Kwetu hapa wanaopenda sana kujitangaza katika mpira ni makampuni ya kubashiri matokeo. Wakenya wanakumbuka Januari 2018, SportPesa ilipoondoa ufadhili wake wote wa michezo nchini kwa hasira ya kodi ya asilimia 35. Laiti uwanja wa taifa ungekuwa umebeba jina lake siku ile!

Wakituambia kwamba mkataba wa jina hauwezi kuguswa, na wamtazame FIFA. Wakati wa Kombe la Dunia la 2010 Afrika Kusini, uwanja wa Johannesburg uliokuwa umeuzwa uitwe Coca-Cola Park ulirudia jina lake la Ellis Park. Na Coca-Cola hiyohiyo ilikuwa mfadhili mkubwa wa FIFA! Ule wa FNB, wenye jina la benki, ukaitwa Soccer City. Yaani bwana mkubwa wa mpira akija na sheria zake, mabango hufunikwa na hakuna kampuni inayokwenda kujinyonga. Kwa nini basi sheria ya mwenyeji ionekane kuwa ndoto ya wajinga?

Wala hatutaki jambo geni lisilopata kufanywa. Huko Ujerumani, wanachama wa klabu ya St. Pauli ya Hamburg waliamua mwaka 2007 kwamba jina la uwanja wao halitauzwa. Mjini Nuremberg, mwaka 2017, benki ilinunua haki ya jina, washabiki nao wakachanga fedha zao, na uwanja ukapewa jina la Max Morlock, mchezaji wao wa zamani. Benki ililipa, na jina likabaki la mtu wa kwao. Hata Barcelona, waliokubali kuunganisha jina la kampuni ya muziki na Camp Nou mwaka 2022, walipeleka shauri mbele ya mkutano wa wajumbe wa wanachama kwanza. Sisi huenda tusingekubali walichokubali, lakini waliulizwa.

Basi twaziomba serikali zote tatu zitoe jibu la wazi. Mikataba ya viwanja vya 2027, ya kujenga na ya kuendesha, ina kifungu cha kuuza jina au haina? Kama kipo, kisomwe bungeni pamoja na bei yake na idadi ya miaka. Nanyi ndugu wa matawi, hasa wa Arusha ambako uwanja mpya umejengwa, liwekeni jambo hili katika ajenda ya mkutano wenu ujao, na muhtasari mtuletee. Tutauchapa hapa, pamoja na majibu ya wizara yakipatikana.