Programu na Haki ya Mtumiaji

Ni dhuluma iliyo dhahiri kumtwika mtumiaji wa kompyuta au simu lawama ya kutofahamu jambo ambalo mtengenezaji mwenyewe ndiye aliyelificha. Mwaka 1988 Mmarekani Donald Norman alikwisha kubainisha kitabuni mwake kwamba mlango usioonyesha kama husukumwa au huvutwa ni aibu ya aliyeubuni, wala si ya apitaye. Hata hivyo mwaka 2012 kampuni ya Microsoft, katika Windows 8, ilikiondoa kitufe cha Start ambacho watu walikuwa wamekizoea tangu 1995, ikawaachia pembe tupu ya skrini waibahatishe, na malalamiko yakazidi hata kitufe kikarejeshwa mwaka uliofuata.

Ibra hiyo haikuzingatiwa. Leo mzee anayetaka kulipia umeme kwa simu hukabiliwa na vistari vitatu visivyo na maandishi, asijue kuwa ndani yake mna orodha nzima ya huduma. Na akibonyeza mahali pasipofaa, ukurasa hutoweka pamoja na namba zote alizokwisha kuandika.

Kwa hiyo nawasihi waundaji wa programu, hasa za benki na za serikali, waviandike vitufe kwa Kiswahili fasaha, wampe mtu fursa ya kurudi nyuma bila hasara, na kabla ya kuitoa kazi yao waiweke mikononi mwa muuza samaki na karani wa kijijini, wakae kimya wawatazame. Kwani pale wanapokwama watu hao ndipo panapostahili kurekebishwa.