Bima ya wageni Zanzibar ipimwe kwa madai yanayolipwa

TANGU Oktoba 1, 2024, mgeni kutoka nje ya nchi anayeingia Zanzibar analazimika kukata bima ya safari ya Shirika la Bima la Zanzibar (ZIC). Mtu mzima hulipa dola 44 za Marekani, na bima hiyo hudumu siku 92.

Wapo wanaodai kuwa hiyo ni kodi iliyovishwa joho la bima, kwa kuwa hata mgeni aliyekata bima kwao hulipa tena. Lakini Mtanzania anayeomba viza ya Schengen kwenda Ujerumani naye hutakiwa kuwa na bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000. Kwa hiyo kudai bima si kosa.

Hoja yangu ni nyingine. Bima si karatasi ya kuonyesha uwanja wa ndege tu. Mgeni akianguka na pikipiki Nungwi usiku, kisha hospitali ikamdai fedha taslimu kwanza, dola zake 44 zimemsaidia nini? Habari hizo zitafika kwao kabla yake. Watakaoumia ni mwenye nyumba ya wageni, mvuvi anayeuza pweza hotelini na mkulima wa viungo anayetembeza watalii shambani.

Basi ZIC itangaze kila mwaka imekusanya kiasi gani, imelipa madai mangapi na baada ya siku ngapi. Ahadi ni deni.