UWANJA WA MJI WETU: UFUNGUO UKO WAPI?

Ndugu wafanya kazi,

Jumapili iliyopita timu yetu ya landi ilikuwa icheze na timu ya watu wa kiwanda. Tulifika uwanjani saa tisa, tukakuta lango limefungwa kwa mnyororo. Mlinzi akasema hana amri ya kufungua mpaka barua itoke makao makuu ya kaunti. Nauli ya kwenda huko na kurudi inanila karibu ujira wa siku moja. Watu wa kiwanda wakarudi kwao, na sisi tukakaa chini ya mti tukisema maneno ya hasira. Nimeona afadhali hasira hiyo niiandike.

Zamani kila mji wa maana ulikuwa na baraza lake. Kenya nzima ilikuwa na mabaraza 175, ya manispaa, ya miji midogo na ya wilaya. Baada ya uchaguzi wa Machi 2013 yote yalikwisha, kazi zake na mali yake zikaingia katika serikali 47 za kaunti. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, inasema kwamba michezo, viwanja vyake na mahali pa starehe ni kazi ya kaunti. Hayo siyapingi. Ninalouliza ni hili: kaunti iliye kubwa hivyo itajuaje kwamba goli letu la upande wa reli limeoza mguu?

Wakati wa baraza tulilipa ada kwa karani pale pale mjini. Nyasi zikirefuka tulimwendea diwani nyumbani kwake alfajiri, kabla hajanywa chai, na alijua hatutaondoka. Sasa ada ile ile inaingia katika Mfuko wa Mapato wa Kaunti, kama Kifungu cha 207 cha Katiba kinavyotaka, na matumizi yake hungoja bunge la kaunti. Maana yake ni kwamba debe moja la chokaa ya kupigia mistari linangoja makadirio ya fedha ya kaunti nzima. Na wakubwa wakipanga michezo, macho yao huenda kwenye uwanja wa makao makuu, wenye jukwaa, ambapo mgeni wa heshima atakaa kivulini. Vijana wetu hawachezi huko. Wanakaa nyuma ya maduka, mchana kutwa wanacheza kamari kwa simu.

Najua wazee wa tawi watanijibu kwamba mabaraza yalikuwa na wezi. Ni kweli. Uwanja wa netiboli wa wasichana wa mji wetu uligeuka ploti za watu wakati wa baraza, wala si wakati wa kaunti. Sitamani madiwani wale warudi. Natamani ufunguo urudi.

Habari ya holi ni mbaya zaidi, nayo inatuhusu sisi wa chama. Mnaijua Holi ya Kaloleni, Nairobi. Watu wa mtaa walikwenda pale kwa starehe zao, na ndani ya holi hiyo hiyo, tarehe 23 Aprili 1950, Makhan Singh, mtu wa vyama vya wafanya kazi, alisimama akadai uhuru wa Afrika Mashariki. Mwezi uliofuata Serikali ilimkamata. Mahali pa ngoma na ndondi ndipo wafanya kazi walipopata paa la kukutana. Sisi leo tukitaka holi ya mji wetu kwa mkutano wa tawi, ni barua ile ile na safari ile ile. Mara mbili mwaka huu tumekutana chini ya mwembe wa karakana, na mara ya pili mvua ilitutawanya kabla hatujafika kwenye habari ya mishahara.

Sheria ya miji ya 2011 ilirekebishwa mwaka 2019, na sasa mji wenye watu 50,000 unaweza kuwa manispaa yenye bodi yake. Mji wetu unayo. Basi tawi liandike barua, tuombe mambo mawili. Kwanza, kitabu cha zamu za uwanja na holi kikae kwa bodi, hapa mjini. Pili, katika makadirio tutengewe kiasi kisichopungua ada tunayolipa wenyewe. Makadirio hupelekwa mbele ya bunge la kaunti kufikia 30 Aprili, kwa hiyo barua ya mwezi wa Mei ni karatasi ya kufungia karanga.

Mwaka jana nilikwenda kwenye baraza la kutoa maoni ya bajeti. Watu wa reli tulikuwa wawili, na mwenzangu aliondoka mapema kuwahi zamu. Wakulima walisema juu ya barabara, wafanya biashara juu ya soko, na wote walisikilizwa. Uwanja haukutajwa hata mara moja, kwa sababu mimi mwenyewe niliona haya kusimama.

Barua nimekwisha kuiandika. Nitaileta Jumamosi saa nane, chini ya mwembe. Kila mtu aje na kalamu yake, na akina mama wa netiboli waje pia, maana jina lao nimeliweka mbele ya letu.

Ni mimi,
Mfanya kazi wa Reli