Damu ipimwe kabla ya mahari



Katika mafundisho ya wachumba kuna jambo linalorudi kila mwaka. Kijana na binti wamekubaliana, wazazi wamekutana, mahari imetolewa, na siku ya ndoa imekwisha kupangwa. Ndipo wanapoulizwa kama wamepimwa damu, nao hutazama chini. Wengine hukimbilia maabara, na majibu mazito huwakuta wakiwa wamekwisha kufungwa na mali, jina la ukoo na aibu. Wengine hawaendi kabisa. Neno langu kwenu ni hili: damu ipimwe kabla ya mahari, kwa hiari na kwa kuelewa.

Nasema hasa juu ya ugonjwa wa seli mundu, ambao watu wengi huuita SS. Mwaka 2009, Daktari Léon Tshilolo na wenzake walitangaza matokeo ya kupima watoto wachanga zaidi ya 31,000 mjini Kinshasa. Karibu mtoto mmoja kati ya sita alikuwa AS, maana yake amerithi alama ya ugonjwa huo kutoka kwa mzazi mmoja. Zaidi ya mmoja katika mia alionekana kuwa na ugonjwa wenyewe. Mtu wa AS kwa kawaida ni mzima: hucheza mpira na kubeba magunia kama wengine, na hata hukingwa kwa kiasi na malaria kali. Kwa hiyo sura yake haimtambulishi. Ni damu peke yake inayoweza kusema.

Watu wawili wa AS wakioana, kila mimba ina nafasi moja katika nne ya kumleta mtoto wa SS. Si kwamba watoto watatu watapona na wa nne ataugua, kwani kila mimba huanza hesabu yake upya. Mtoto huyo atapata maumivu ya mifupa, atapungukiwa damu, na mara nyingi atalazwa. Ndipo ukoo huanza kumtafuta mchawi: leo bibi, kesho mama mkwe, keshokutwa mke mwenyewe. Nyumba huvunjika kwa sababu ya shtaka la uongo, hali watoto wamerithi kwa baba na kwa mama sawasawa.

Kwa nini basi vijana huikimbia sindano? Tusiwacheke, maana hofu hii ina historia. Wakati wa utawala wa Wabelgiji, wazee wa Katanga walisimulia habari za batumbula, waliosemekana kuwakamata watu usiku kwa ajili ya Wazungu. Huko pwani walisema mumiani, na Nairobi na Kampala walisema wazimamoto, watu wa kunyonya damu. Zamani zile zile vikosi vya kupambana na malale vilipita kijiji kwa kijiji, vikiwapanga watu mistari na kuwachoma sindano kwa nguvu ya serikali. Mtu aliyetolewa damu bila kuelezwa sababu atajitafutia maelezo mwenyewe.

Hata sisi Wakatoliki tuna la kukumbuka. Mwaka 1976, katika hospitali ya misioni ya Yambuku, sindano tano tu zilitolewa kila asubuhi kwa ajili ya wagonjwa, zikasuuzwa na kutumiwa tena. Ebola ikaenea kwa njia hiyo, na masista waliokuwa wakiwahudumia wagonjwa wakafa pamoja nao. Nia njema peke yake haikutosha kuwalinda watu.

Kwa hiyo dawa ya hofu ni maelezo, na maelezo ni haki yako. Uliza wanapima nini, majibu yatatoka lini, na nani atayasoma. Tazama sindano mpya ikifunguliwa mbele yako, na jina lako likiandikwa kwenye kichupa. Damu inayotolewa ni mililita chache, wakati mtu mzima ana lita tano hivi, na mwili huirudisha. Ukijua kwamba huzimia, mwambie muuguzi mapema ili akulaze. Kuzimia si woga wala utoto. Msukumo wa damu hushuka ghafla, na huwapata hata wenye nguvu.

Wengine huuliza damu hiyo hupelekwa wapi. Kwa kawaida hupimwa, kisha hutupwa kwa utaratibu. Lakini kuna damu iliyotolewa kwa kujua ikawa baraka kwa wengi. Mtu mmoja aliyepona Ebola ya Kikwit ya mwaka 1995 alitolewa damu miaka kumi na moja baadaye, katika kazi aliyoishiriki Profesa Jean-Jacques Muyembe. Ndani yake ilipatikana kinga iliyotengenezewa dawa ya Ebola, ambayo Marekani iliikubali Desemba 2020.

Atasema mtu: je, upendo upimwe kwa chupa? La. Kanuni ya 1058 ya Sheria ya Kanisa inasema kwamba wote wasiokatazwa na sheria wanaweza kufunga ndoa, na AS si kizuizi, wala virusi vya Ukimwi. Kwa hiyo padre au katekista asidai karatasi ya maabara kama ruhusa, wala asitangaze majibu ya mtu. Wachumba wawili wa AS wanaweza kuachana kwa amani, au kuoana wakijua, wakiwa tayari kumpima mtoto mapema na kumtunza. Mtoto wa SS si laana. Ni mfano wa Mungu, na dawa zipo. Utafiti uliotolewa mwaka 2019, uliofanyika pia katika hospitali ya Monkole huko Kinshasa, ulionyesha kwamba hidroksiurea hupunguza maumivu na vifo vya watoto hao.

Bwana wetu alifundisha kwamba ajengaye mnara hukaa kwanza na kuhesabu gharama. Kuhesabu baada ya msingi kuwekwa ni shida. Kuhesabu baada ya mahari ni shida zaidi, kwa sababu hapo kusema hapana kunakuwa vita ya koo mbili.

Kwenu vikundi vya vijana wa Kakontwe naomba mambo matatu. Mwalikeni muuguzi aeleze kipimo hiki mbele ya wote, na maswali yote yaulizwe, hata yale ya batumbula. Mwenye hofu asiende peke yake. Mwenzake amsindikize, na kikundi kimchangie asiye na fedha. Na majibu ya mwenzenu yabaki moyoni mwenu, yasifike sokoni wala katika simu.

Kitabu cha Walawi kinafundisha kwamba uhai wa mwili umo katika damu. Basi tusiiache damu yetu ikae kimya wakati inaweza kuwalinda watoto ambao bado hawajazaliwa. Bwana awape ujasiri wa kuujua ukweli, na upendo wa kuubeba pamoja.